Njia Tatu za Kumfundisha Mtoto Kusoma

Leo nataka kusema nanyi habari za kumfundisha mtoto kusoma, na hasa mtoto wa Karagwe na Kyerwa, ambaye aghalabu huja shuleni na Kinyambo chake kinywani, na Kiswahili bado kichache.

Njia ya kwanza ni kutaja majina ya herufi: a, be, che, de. Wimbo wake wapendeza, lakini mpe mtoto neno "baba" alitaje hivyo: be, a, be, a. Je, amemsikia baba humo? La.

Njia ya pili ni sauti na silabi. Sauti ya b ikikutana na a, twapata ba. Ba na ba, baba. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili wa mwaka 2015 ulishika njia hii, na yafaa sana, kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa.

Njia ya tatu ni neno zima pamoja na picha. Mtoto aona picha ya ng'ombe, akalikariri neno lake. Maana anayo; lakini mletee neno geni lisilo na picha, naye atakwama.

Basi ipi bora? Silabi ndizo ufunguo, lakini ufunguo bila nyumba ni chuma tu. Mtoto wa Kinyambo humwita ng'ombe "ente". Aweza kuunga ng'o na mbe, asijue kuwa ndiye mnyama amchungaye kila siku. Tena "mtu" atasoma "mutu", kwa kuwa kwao ni "omuntu". Huo si ujinga. Ameisikia vema lugha ya mama yake.

Kwa hiyo, mwalimu, onyesha kitu kwanza. Watoto wakitaje kwa Kinyambo, kisha kwa Kiswahili. Ndipo uandike neno na kuligawa. Kwa "mtu" pigeni makofi mawili: m, tu.

Nanyi wazazi, mwandikieni mtoto "Leta maji", msiseme neno. Akiinuka na kuleta, anasoma. Akiyatamka kwa sauti kuu na kuketi vile vile, ametoa sauti tu, na kazi yetu haijaisha.

Kwa herini.