Paka Mwenye Mimba Akigongwa

Paka mwenye mimba akigongwa na tuktuk, utasikia watu, "Mwacheni, atakufa tu." La, ndugu yangu! Waweza kumwokoa.

Mfunike kwa kitambaa, kwani paka mwenye maumivu huuma hata anayemlisha. Mlaze polepole ndani ya boksi. Usimbonyeze tumbo. Usimpe maziwa wala chakula, huenda akapasuliwa. Na Panadol usithubutu: kidonge kimoja chaweza kumuua.

Mtazame ufizi. Ukiwa mweupe na masikio yakiwa baridi, huenda damu yavuja ndani. Akihema kwa mdomo wazi, au akitokwa na damu nyuma, usingoje mpaka mfuturu. Mpigie daktari wa mifugo, na umwambie ana mimba. Daktari huanza na mama, maana akifa yeye, watoto ni nadra kupona. Mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65. Ikikaribia kutimia, watoto waweza kutolewa kwa upasuaji.

Hata akiinuka akatembea, mpeleke. Majeraha ya ndani hujificha. Gharama ikikushinda, changishaneni hapo mtaani, kidogo kidogo.