Dengu za Sola na mlango wa Delhi



Sisi wa mjini dengu tunazijua zikiwa zimekwisha kuwa bagia. Kule Sola, mkoani Simiyu, dengu ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni nauli ya hospitali. Hupandwa mvua zinapokaribia kwisha, katika udongo mweusi wa mbuga, zikakomaa kwa unyevu uliobaki ardhini.

Nilimkuta mama mmoja uani, ungo mapajani, akichagua mbegu.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba ng'wanawane."

Akanionyesha kona ya nyumba ambako mwaka 2018 magunia yake yalikaa hadi yakaingia wadudu. Mnunuzi aliyezoea kuja hakuja. Aliyekuja alitaja bei ambayo, alisema mama huyo, isingelipa hata vibarua waliong'oa.

Kilichotokea kilianzia Delhi. India ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote wa mazao ya jamii ya kunde. Baada ya ukame wa 2014 na 2015 iliyatafuta kila pembe ya dunia. Wakulima wake nao wakavutwa na bei, wakalima kwa wingi, na kufika 2017 maghala yakafurika. Agosti mwaka huo India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje, na choroko nazo zikawekewa kikomo chake. Dengu hazikupigwa marufuku. Zilitozwa ushuru wa asilimia 30 Desemba, 40 Februari 2018, na 60 mwezi Machi. Kwa mkulima wa Sola, ushuru wa namna hiyo na marufuku ni kitu kimoja.

Tusiilaumu India haraka. Ilikuwa ikimlinda mkulima wake. Lakini je, alilindwa? Kiasi tu, maana hata baada ya kikomo kile mbaazi nchini humo ziliendelea kuuzwa chini ya bei iliyotangazwa na serikali yao wenyewe. Kuzuia meli bandarini hakupunguzi gunia lililokwisha kujaa ghalani. Halafu ukaja mchezo wa kufungua na kufunga. Choroko zikaruhusiwa Mei 2021, zikazuiwa tena Februari 2022. Ushuru wa dengu ukaondolewa Mei 2024, ukarudi kwa asilimia 10 Aprili 2025. Mkulima, wa kwao au wa kwetu, atapangaje shamba kwa mtindo huo?

Nasi tumeonja dawa hiyo. Aprili 2025 tulizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini, kwa kuwa wao walizuia ya kwetu. Siku chache baadaye amri ikaondolewa ili kupisha mazungumzo. Wapo walioshangilia vijiweni kwamba sasa mkulima wetu amepona. Amepona nini? Hakuna aliyepanda hata mche mmoja wa tufaha kwa siku zile. Ilikuwa silaha ya kuwaleta wenzetu mezani, na kwa kazi hiyo ilifaa, lakini tusiiite sera ya kilimo. Serikali ikitaka kufunga mlango kwa ajili ya mkulima, imwambie kabla hajapanda, na imtajie misimu mingapi.

Nilipoaga, mayu aliniuliza kama mwaka huu Wahindi watafungua. Nikamwambia hilo hujulikana baada ya kupanda. Akacheka, akarudia ungo wake.