Mama Mjamzito Alale Vipi?

Mazungumzo kwa wanakisomo wa vijijini



Leo tumekuja na jambo la nyumbani. Tena ni jambo la kitandani. Tafadhali msione haya. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa katika vikundi kama hiki. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuona haya kuzungumza juu ya choo. Basi na sisi tusione haya kuzungumza juu ya kulala.

Jambo lenyewe ni hili: mama mwenye mimba alale vipi, ili yeye apumzike vizuri na mtoto aliye tumboni awe salama?

Labda mtu atauliza, "Kulala nako kunafundishwa?" Ndiyo, ndugu zetu. Mtu wa kawaida hulala apendavyo. Lakini mama mjamzito analala na mzigo. Mimba ikikaribia kuzaa, mtoto, kondo la nyuma, maji na mfuko wa uzazi wenyewe hufikia kilo tano hivi. Mzigo huo hautuliwi chini usiku. Mama yuko nao hata usingizini. Kwa hiyo ni lazima tujue mzigo huo uwekwe wapi.

Kwa nini asilale chali?

Miezi ya mwanzo, mimba ikiwa bado changa, mama anaweza kulala anavyopenda. Akilala chali, akilala kifudifudi, hakuna neno. Mtoto bado ni mdogo, naye amehifadhiwa vizuri.

Lakini mimba ikifika wiki ya 28, yaani mama anapoingia mwezi wa saba, mambo yanabadilika. Mfuko wa uzazi umekuwa mzito. Mama akilala chali, uzito wote unakaa juu ya uti wa mgongo. Na hapo kando ya uti wa mgongo umepita mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni na tumboni. Mshipa huo unabanwa.

Sasa fikirini pampu ya kisima. Pampu hutoa maji yale yanayoifikia. Maji yasipoifikia, utapampu mpaka mikono ichoke, ndoo haijai. Moyo nao ni pampu. Damu isiporudi ya kutosha, moyo hauna cha kusukuma. Mama anaweza kusikia kizunguzungu, jasho jembamba, kichefuchefu, au moyo kwenda mbio. Wengine hawasikii chochote. Lakini damu inayokwenda kwenye kondo la nyuma inapungua, na mtoto hupata chakula na hewa kwa njia ya damu hiyo.

Mtoto mwenye nguvu anaweza kuvumilia. Lakini mtoto ambaye tayari ni dhaifu anaweza kushindwa, akafia tumboni. Hili ndilo linalotufanya tuliseme jambo hili waziwazi.

Maneno haya yamechunguzwa. Uchunguzi uliofanywa Accra, nchini Ghana, na kuchapishwa mwaka 2013, uliona kuwa akina mama waliolala chali walizaa zaidi watoto wenye uzito mdogo, na walipoteza watoto zaidi. Mwaka 2019 wataalamu waliunganisha tafiti tano kutoka New Zealand, Australia, Uingereza na Marekani. Waliona kuwa mama anayelala chali katika miezi ya mwisho ana hatari zaidi ya mara mbili ya kumpoteza mtoto tumboni, akilinganishwa na anayelala ubavu.

Msitishike, ndugu zetu. Akina mama wengi wamelala chali na wakazaa salama. Lakini kinga hii haina gharama. Hainunuliwi dukani wala haihitaji nauli. Ni kugeuka tu.

Ubavu upi?

Mama alale ubavu. Wengi tumesikia kuwa ni lazima uwe wa kushoto. Ubavu wa kushoto ni mzuri, tena husaidia mwenye kiungulia. Lakini uchunguzi ule wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa ubavu wa kulia nao ni salama kwa mtoto sawasawa na wa kushoto. Basi mama asijitese kulala upande mmoja usiku kucha hadi bega lifanye ganzi. Akichoka upande huu, ahamie upande ule.

Mama mmoja anaweza kuuliza, "Je, nikiamka usiku na kujikuta nimelala chali?" Usiogope. Geuka ubavu, ulale tena. Kubwa ni kuanza usingizi ukiwa umelala ubavu, kwa sababu namna unayoanza nayo ndiyo unayokaa nayo muda mrefu zaidi. Fanya hivyo usiku, na mchana pia unapojinyoosha kidogo baada ya shamba. Ukiamka kwenda haja ndogo, ukirudi anza tena kwa ubavu.

Mwingine atasema, "Sisi tuliambiwa kuwa mjamzito akigeukageuka, kitovu kinamzunguka mtoto shingoni." Hapana. Kitovu humzunguka mtoto kwa sababu mtoto mwenyewe anacheza na kugeuka ndani ya maji. Watoto wengi huzaliwa kitovu kikiwa kimezunguka shingo, na wanakuwa wazima. Kugeuka kwa mama kitandani si sababu.

Namna ya kulala kwa raha

Kulala ubavu peke yake hakutoshi. Mama anaweza kulala ubavu na bado akaumwa kiuno. Afanye hivi:

Kwanza, akunje magoti kidogo, kisha aweke mto katikati ya magoti. Kama hakuna mto, akunje kanga mbili au blanketi kuukuu. Miguu haitabanana, na kiuno kitapumzika.

Pili, aweke nguo nyingine iliyokunjwa chini ya tumbo, ili tumbo lisining'inie.

Tatu, aweke kitu nyuma ya mgongo, hata kama ni fulushi la nguo. Akitaka kugeuka chali usingizini, kitamzuia.

Nne, mwenye kiungulia ale mapema, ale kidogo kidogo, na asilale mara tu baada ya kula. Akilala, ainue kichwa na mabega kwa mto au nguo.

Tano, misuli ya mguu ikikaza usiku, anyooshe mguu na kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwake. Mumewe anaweza kumsaidia. Lakini mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, hilo si la kukanda nyumbani. Aende zahanati.

Sita, wakati wa kuamka asinyanyuke kwa ghafla kama askari aliyesikia filimbi. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mikono, akae kidogo, ndipo asimame. Anayelala kwenye mkeka apige magoti kwanza, kisha ashike kiti au ukuta.

Akina baba, hapa tunasema nanyi

Tuchukue mfano. Kuna kitanda kimoja cha futi tatu na nusu. Baba analala upande wa nje, kwa kuwa ndiye wa kufungua mlango mbwa wakibweka. Katikati amelala mtoto wa miaka miwili. Mama, mwenye mimba ya miezi minane, yuko ukutani.

Je, mama huyo atakunja magoti wapi? Hana nafasi. Atalala chali, amebanwa na ukuta kama gunia ghalani. Akitaka kwenda haja, ni lazima amvuke mtoto na kumvuka baba. Akiona ni usumbufu, anaacha kunywa maji kuanzia saa kumi jioni. Asubuhi kichwa kinauma na mkojo ni wa njano sana. Watu wanasema, "Mimba hii ni ngumu." Siyo mimba iliyo ngumu! Kitanda ndicho kidogo, na kimegawanywa vibaya.

Kugawa upya si kazi kubwa. Mama ahamie upande wa nje. Mtoto wa miaka miwili alale na ndugu zake, au kwenye mkeka wake, lakini naye awe ndani ya chandarua. Kopo la usiku na tochi viwekwe karibu, mama asijikwae gizani. Maji anywe ya kutosha mchana, apunguze kidogo tu karibu na kulala. Na kama mto ndani ya nyumba ni mmoja, baba, mpe mama.

Pengine baba atajibu, "Nami nalima, nachoka." Ni kweli, unalima. Lakini mama naye amelima, ameteka maji, amepika, na usiku bado anafanya kazi ya kumkuza mtoto wako. Wewe ukilala kazi imekwisha. Yake haijaisha.

Akina bibi na akina mama wakwe, nanyi mnasikilizwa sana nyumbani. Mkisema nyinyi, kitanda kitagawanywa upya leo hii.

Chandarua na moshi

Mahali pa kulala pawe salama pia. Mama mjamzito alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Malaria humpunguzia mama damu, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo au mimba huharibika. Chandarua kichomekwe chini ya godoro au mkeka. Kikitoboka, kishonwe.

Kwa wenzetu wa sehemu za baridi: msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba. Hewa ya mkaa haionekani wala hainuki, nayo huua. Jifunikeni blanketi, jiko libaki nje.

Tena, mama akiona usiku miguu inamsumbua, hawezi kuituliza, na mchana anahema haraka na kuchoka upesi, huenda amepungukiwa damu. Aseme kliniki. Ameze vidonge vya kuongeza damu kama alivyoagizwa, wala asiviweke juu ya kabati.

Dalili zisizongoja kesho

Kulala vizuri ni kinga, lakini si dawa ya kila kitu. Kuanzia mwezi wa saba, kila mama ajue mtoto wake anavyocheza. Watoto wengine hucheza sana jioni, wengine alfajiri. Mama akiona mtoto amepunguza kucheza au ameacha, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asingoje kupambazuke ili "tuone kwanza".

Vilevile aende haraka akiona mojawapo ya haya: damu, maji kutoka kabla ya wakati, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, homa, au degedege. Baba ajue mapema ni nani kijijini mwenye pikipiki au gari, na fedha za safari ziwekwe kando.

Ndugu wanakisomo, kusoma ni kutenda. Usiku wa leo, kila mwenye mjamzito nyumbani akitazame kitanda. Aulize: mama ana nafasi ya kukunja magoti? Ana kitu cha kuweka kati ya magoti? Anaweza kutoka bila kumvuka mtu? Kama jibu ni hapana, palipo na kasoro parekebishwe kabla taa haijazimwa. Tukikutana tena, tutaulizana ni nyumba ngapi zimefanya hivyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mama asilale chali kuanzia wiki ya 28?
2. Kama nyumba haina mito, tutumie nini badala yake?
3. Katika kijiji chetu, nani huamua nani alale upande gani wa kitanda? Je, mpango huo unafaa wakati wa mimba?
4. Mtoto akiacha kucheza tumboni usiku wa manane, kijiji chetu kina njia gani ya kumfikisha mama kituo cha afya?