MTARO WA UMEME CHINI YA LAMI: TUPIGE HESABU KABLA YA KUCHUKUA SURURU

(Maneno ya Katibu wa Kamati ya Ujenzi mbele ya Mkutano Mkuu. Yameandikwa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa shamba siku ile.)

 

Naanza kwa kukiri kosa, kwa sababu fedha zinazosemwa hapa ni jasho lenu, zimekatwa kwenye magunia yenu ya mpunga. Katika mkutano uliopita mimi ndiye niliyesimama hapa nikasema kupeleka umeme kwenye mashine ya kusaga ni jambo dogo: "Mabomba na waya tu, basi." Mkapiga makofi. Makofi yale sikuyastahili, ndugu zangu. Nilihesabu bomba na waya, nikasahau ardhi iliyo juu yake.

Tukumbushane. LUKU iko ukutani mwa ofisi. Mashine iko ng'ambo ya barabara ya lami. Wengine waliuliza, kwa nini tusipitishe waya hewani, si ni rahisi? Ni rahisi kweli. Lakini malori ya mpunga na pumba hupita pale yamejaza mpaka juu, na siku moja lori litaondoka na waya wetu. Ndiyo maana mkakubali upite chini. Uamuzi huo ni mzuri. Kilichokosekana ni hesabu.

Basi safari hii nimepima kwa kamba, mbele ya wajumbe wawili. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 42. Katika hizo, mita 12 ni uwanja wetu wa zege wa kuanikia, mita 6 ni lami, na mita 24 ni udongo mtupu.

Kwanza, kukata. Huwezi kupiga zege kwa sururu ovyo ovyo, litapasuka uwanja mzima. Hukatwa kwa mashine ya msumeno. Na mtaro una kingo mbili, jamani! Mita 12 za zege na mita 6 za lami ni 18, lakini mkato ni mita 36. Mtu akikupa bei ya kukata kwa mita, muulize: mita ya mtaro au mita ya mkato? Hapo ndipo wengi huliwa.

Pili, kuchimba. Mtaro una upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 80. Chini ya barabara bomba lisikae juu juu. Sentimita 60 ni kiasi cha chini kabisa, maana magurudumu ya lori husukuma uzito mpaka chini. Zidisha 42 kwa 0.4 kwa 0.8, unapata kama mita za ujazo 13 na nusu. Mtu mmoja kwenye udongo wa kawaida huchimba kama mita mbili za ujazo kwa siku. Ni kazi ya watu saba siku moja, lakini moramu iliyoshindiliwa chini ya lami itawachelewesha.

Tatu, mabomba. Yanauzwa kwa urefu wa mita 6. Mita 42 ni mabomba saba. Lakini napendekeza tulaze njia mbili, moja ya leo na moja ya akiba, na kamba ya kuvutia waya iachwe ndani yake. Hayo ni 14, tununue 16 kwa ajili ya kupanda ukutani na vipande vya kukata. Msiseme Katibu anapenda anasa. Bomba la pili ni fedha kidogo; kukata lami mara ya pili ni fedha nyingi. Na kona zisizidi nne za pembe mraba toka mwanzo hadi mwisho, la sivyo waya hautavutika.

Nne, waya. Mtaro ni mita 42, lakini waya hushuka, hupanda, huingia ndani. Tununue mita 50. Unene wake aukokotoe fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo mimi wala siyo mwenye duka. Mota yetu ya kilowati 15 kwa umeme wa njia tatu huvuta karibu amperi 28, na ikiwashwa moja kwa moja huruka mara tano hadi saba kwa muda mfupi. Waya mwembamba ni bei nafuu siku ya kununua tu.

Tano, mchanga wa kulalia na kufunika mabomba: mita za ujazo 4. Juu yake utepe wa onyo, ili mjukuu wako akija kuchimba miaka ijayo aone kabla jembe halijagusa.

Sita, kurudisha. Hapa ndipo nilipoanguka. Udongo hurudishwa kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka linashindiliwa. Ukimwaga wote mara moja, masika yakija mtaro unadidimia na lami inabonyea. Uwanja wa zege, tukirudishia upana wa sentimita 60 na unene wa 10, unataka mifuko mitano ya saruji. Mfuko ukiwa shilingi 18,000, ni 90,000 kabla ya mchanga na kokoto. Lami ni mita za mraba 3.6, na hiyo hatuirudishi sisi kwa mikono yetu.

Saba, kibali. Barabara siyo ya ushirika. Barabara kuu na za mkoa zina TANROADS. Za wilaya zina TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Yetu ni ya wilaya. Barua iende kwanza, sururu baadaye. Huenda wakatutaka tutoboe chini kwa chini bila kukata lami, na bei hubadilika yote. Kwa hiyo tusinunue hata bomba moja kabla ya jibu.

Mwisho ongezeni sehemu moja kwa kumi ya jumla, kwa ajili ya jiwe tusiloliona.

Ndugu wanachama, fedha tulizotenga hazitoshi. Nimesema wazi. Lakini akina mama bado wanabeba debe kichwani hadi kijiji cha pili, na hilo nalo ni gharama ingawa haliandikwi kwenye leja. Naomba mambo mawili. Kwanza, zile mita 24 za udongo tuchimbe wenyewe. Ni zaidi ya nusu ya mtaro wote. Pili, watu watatu, mmoja wao mama, waende mjini kuuliza bei katika maduka matatu, waje waziandike hapa ukutani kila mtu azione.

Mkiona nafaa kuendelea na kazi hii, nitaendelea. Mkiona hapana, kalamu hii hapa mezani.



(Mkutano uliamua Katibu aendelee. Waliojiandikisha kuchimba ni 19. Nafasi zipo, jina liandikwe chini ya karatasi hii.)