Haki za Mtu Aliyekamatwa
Mazungumzo na viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Isaka



Wapendwa wenyeviti na makatibu wa jumuiya ndogo ndogo, wazee wetu, akina mama wa WAWATA, nanyi vijana: tulipotangaza mada ya leo, mzee mmoja alituuliza swali ambalo hatukuweza kulikwepa. Alisema, "Padre, sisi ndio tulioibiwa ng'ombe. Mbona Kanisa linakuja kutufundisha haki za mwizi?" Swali hilo lina uchungu ndani yake, nasi hatulidharau. Mtu aliyelala zizi limejaa akaamka zizi tupu anahitaji kusikilizwa kabla ya kuhubiriwa. Hata hivyo, hapana budi tumrekebishe mzee wetu neno moja. Tumekuja kuzungumzia mtu aliyekamatwa. Kati ya mtu huyo na mwizi kuna safari, na safari hiyo ndiyo inayoitwa kesi.

Maandiko Matakatifu yanaifahamu safari hiyo. Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, tunasoma habari za Susana, mwanamke aliyesingiziwa uzinzi na wazee wawili waliokuwa waamuzi wa watu. Mkutano uliwasadiki mara moja, kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi, na Susana akahukumiwa kufa. Danieli, aliyekuwa kijana tu, akasimama akadai kesi isikilizwe upya. Akawatenganisha wale mashahidi wawili, akamwuliza kila mmoja peke yake: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Hapakuwa na kiboko wala kamba. Swali moja tu, lililoulizwa kwa utaratibu, likamwokoa asiye na hatia. Tunawaomba mkumbuke pia kwamba mkutano ule haukuwa wa watu wabaya. Walikuwa waumini wenye hasira dhidi ya dhambi.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kulikuwa na mauaji mengi, na mengi kati yake yalihusishwa na tuhuma za uchawi. Serikali ikaanzisha operesheni ya kuwasaka wauaji. Watu wengi walikamatwa, wakawekwa mahabusu, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia humo. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere, uchunguzi ulifanyika, na Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, hayati Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu, ingawa hakumgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Akajiuzulu pia Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama, pamoja na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadaye maofisa kadhaa walishitakiwa mahakamani na kuhukumiwa.

Watanzania hupenda kuisimulia habari hii kama mfano wa uwajibikaji wa viongozi, na ni kweli. Sisi tungependa kuitazama kwa upande wa mahabusu. Nia ya operesheni ile ilikuwa njema, yaani kukomesha mauaji. Waliokufa walikuwa watuhumiwa, na mpaka leo hakuna ajuaye nani kati yao alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo, kwa sababu kesi zao hazikusikilizwa kamwe.

Wakati huo Katiba yetu haikuwa na sura ya haki za binadamu ambayo mtu angeweza kuidai mahakamani. Haikuwamo katika Katiba ya uhuru ya 1961, wala ya Jamhuri ya 1962, wala ile ya muda ya 1965, wala ya 1977 ilipoanza. Viongozi wetu walihofu kwamba haki hizo zingetumiwa kuizuia serikali changa katika kazi ya kulijenga taifa. Badala yake ilitungwa sheria ya mwaka 1962 iliyompa Rais uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kesi. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba kwa marekebisho ya mwaka 1984, yaliyoanza kutumika Machi 1985, na hata hapo serikali ilijipa miaka mitatu ya kuzisafisha sheria zake, hivyo mahakama hazikuweza kuzibatilisha sheria hizo mpaka Machi 1988. Aliyekuwa Rais mwezi huo alikuwa Mwinyi yule yule. Sheria zenyewe hazikusafishwa sana: Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilizitaja sheria 40 zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa.

Ibara ya 13 ya Katiba, ibara ndogo ya 6, inasema kwamba mtu aliyeshitakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia, na kwamba ni marufuku mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Ibara ya 14 inalinda uhai, na ya 15 inalinda uhuru wa mtu asikamatwe wala kufungwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Maneno haya yameandikwa kwa Kiswahili. Hakuna kati yetu anayehitaji mkalimani.

Je, maneno hayo yana nguvu? Mtu mmoja huko Musoma, Daudi Pete, alishitakiwa kwa wizi wa kutumia nguvu. Sheria ilikataza kabisa mtu wa namna hiyo asipewe dhamana, hata mahakama ingetaka. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani nayo ikakibatilisha kipengele kilichomhusu, kwa kuwa kilimnyima mtu uhuru wake bila kuweka utaratibu unaofaa. Hatusemi kwamba njia imenyooka tangu siku hiyo. Agosti 2020 Mahakama hiyo hiyo ilikataa kuvifuta vipengele vingine vinavyozuia dhamana kwa makosa kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwaka huo huo Bunge lilirekebisha sheria ya 1994 ya kudai haki za msingi, likamtaka mwombaji aeleze jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Maana yake kwetu ni kwamba si rahisi tena mtu wa mbali kwenda Mahakama Kuu kwa niaba ya jirani yetu. Ni yeye atakayekwenda, nasi tutapaswa kumsindikiza.

Wengine husema haya yote ni mambo ya Wazungu. Basi tuitazame Marekani, inayosifiwa sana kwa haki hizo. Waliziandika katika Katiba yao mwaka 1791, na watu weusi wakaendelea kununuliwa na kuuzwa chini ya Katiba hiyo mpaka mwaka 1865. Mwaka 1963, katika mji wa Phoenix, mtu mmoja aitwaye Ernesto Miranda, maskini asiye na elimu kubwa, alikamatwa kwa tuhuma za kuteka na kubaka. Alihojiwa saa mbili akakiri, bila kuambiwa kwamba angeweza kunyamaza au kumwita wakili. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua hukumu yake, na tangu hapo polisi wa nchi ile hulazimika kumtajia mtuhumiwa haki zake kabla ya kumhoji. Mzee wetu atauliza: basi mbakaji akaachiwa? La. Alishitakiwa upya bila kutumia maneno yale ya kituoni, ushahidi mwingine ukaletwa, akatiwa hatiani tena.

Tumeizungumzia serikali vya kutosha. Sasa tujizungumzie sisi, na hapa tunaomba uvumilivu wenu.

Sungusungu walizaliwa katika Wilaya yetu hii ya Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ng'ombe walikuwa wakiibwa, silaha zilikuwa zimeenea, na polisi walikuwa mbali. Wananchi wakachukua pinde na mishale, wakajilinda, na wizi ukapungua. Hatutawalaumu wazee waliofanya hivyo, na wengine wao wamekaa mbele yetu hapa. Lakini tunajua pia yaliyofuata mahali pengi: mtuhumiwa kufungwa kamba na kuchapwa mpaka akiri, kutozwa ng'ombe bila mahakama, kutengwa na kijiji hata akanyimwa moto na maji. Tunajua habari za bibi vizee waliofukuzwa au kuuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe walichokipikia miaka hamsini. Na hapa Isaka, penye reli na bandari kavu, ambapo malori ya Rwanda na Burundi hulala usiku, mgeni asiyejulikana hupigiwa yowe la mwizi upesi kuliko mwenyeji.

Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa, na ulinzi wa jadi ukapewa uwezo wa kukamata. Wengi walifurahi, lakini ni wachache waliotafakari maana yake. Anayepewa uwezo wa kukamata kama askari anafungwa pia na mipaka ya askari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema aliyekamatwa asibanwe kuliko inavyohitajika ili asitoroke, atendewe kwa utu, na raia aliyemkamata amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Ungamo lililotolewa kwa vitisho halikubaliki kuwa ushahidi. Kwa hiyo kiboko kinachotumika kumpata mwizi ndicho kinachoweza kumfungulia mlango wa mahakama atoke huru, na aliyekishika kiboko akabaki na kesi ya kujeruhi, au ya kuua.

Mtume Paulo alipofungwa mikanda ili apigwe mijeledi, alimwuliza akida kama ni halali kumpiga raia wa Roma kabla ya hukumu, na waliokuwa tayari kumtesa wakaondoka mara. Hakuona aibu kuitumia sheria ya wapagani kuulinda mwili wake.

Basi tunaomba mambo machache. Yowe linapopigwa, kiongozi wa jumuiya aliye karibu afike, hata usiku, na kazi yake ya kwanza iwe kuhesabu watu waliopo na kuandika saa. Mtuhumiwa apelekwe polisi usiku ule ule, na ndugu zake waambiwe alipo. Ikiwa ndugu wa mahabusu hawajui waanzie wapi, waje kwa kamati, nasi tutawasindikiza kituoni na kwa msaidizi wa kisheria. Na mlei ambaye ni kamanda wa sungusungu asidhani tunamtaka ajiuzulu. Tunamtaka abaki pale pale, kwa kuwa asipokuwapo yeye atakuwapo mwingine.

Nakala za Katiba ziko mezani kwa katibu, moja kwa kila jumuiya. Sasa tunakaribisha maswali, na tungependa mzee aliyetuuliza lile la kwanza ndiye aanze.