Mashini ndogo mezani: namna tulichagua skana ya nyumbani
(Maneno ya kamati kwenye mkutano wa wanachama, Kipese)



Kamati imepewa pointi moja tu leo: kueleza mashini hii iko hapa mezani. Tunajua maneno yaliyosemwa nyuma ya mlango. Watu wanarudi nyumbani hawana mabati, na kamati inanunua skana? Ni swali la haki. Tunalijibu mbele ya wote, pamoja na kosa letu.

Tukumbuke namna tulikimbia. Mwezi wa sita mwaka 2024, Kanyabayonga na Kirumba zilipotekwa, watu wengi walipanda kuelekea Lubero na Butembo. Wa upande wa Beni walikuwa wanajua safari hiyo tangu 2014. Kila mmoja alibeba alichoweza: mtoto, sufuria, godoro. Karatasi zilibaki ndani ya sanduku, ao zilinyeshewa njiani. Sasa tumerudi, na kila mlango unaomba karatasi. Masomo inaomba cheti cha kuzaliwa. Kazi inaomba diploma ya Leta. Jirani amesogeza mpaka wa shamba, na mzee aliyetia sahihi kwenye karatasi ya kuuziana ameshafariki. Bati unaweza kulitafuta kwa jasho. Sahihi ya marehemu utaitafuta wapi?

Njo maana tulitaka nakala ya kila karatasi, iliyo safi, na iliyowekwa mahali zaidi ya pamoja.

Wengine waliuliza: si telefone inatosha? Kwa haraka, ndiyo, inasaidia. Lakini picha ya telefone inapindika, kivuli cha mkono kinaingia, na muhuri uliofifia hausomeki. Wengine wakasema tununue ile inayomeza karatasi yenyewe. Hapana. Karatasi iliyolowa na kukauka inapasuka ndani ya magurudumu yake. Yetu ilipaswa kuwa ya kioo: unalaza karatasi, unafunika, haivutwi na kitu.

Sasa kosa letu. Mara ya kwanza tulinunua skana kubwa ya okazioni. Muuzaji alitusifia namba zake, na sisi tukazipenda. Tulipofika nyumbani tukaona inaomba umeme wa ukutani, na kwetu moto unakuja ukitaka. Tukawasha grupu, mafuta yakaenda. Halafu programu yake ilikuwa ya zamani, kompyuta yetu ikaikataa. Pesa hiyo ilitoka kwa michango yenu. Hatukujaribu kabla ya kulipa. Kosa ni la kamati, siyo la mwingine, na tunaomba radhi.

Kosa hilo lilitufundisha kuuliza maulizo manne. Tunawapa ninyi pia, ju kuna wanachama wanaotaka kununua ya kwao.

La kwanza: inakula umeme wapi? Kuna skana nyembamba zinazopata umeme kwa kebo ileile ya USB inayoingia kwenye kompyuta. Kwa mfano Canon CanoScan LiDE 300 na Epson Perfection V39. Kompyuta ya mkononi ikiwa na batri iliyochajiwa kwa jua, kazi inaendelea hata giza likiingia. Tulichukua ile LiDE 300. Haifiki kilo mbili, inaingia ndani ya mfuko wa mgongoni.

La pili: namba za nini? Wauzaji wanapenda kutaja nukta kwa inchi. LiDE 300 iko na 2400, V39 iko na 4800. Lakini karatasi ya maandishi inatosha kwa 300. Picha ndogo ya zamani, unayotaka kuikuza, tumia 600. Ukipandisha kutoka 300 hadi 600, nukta zinakuwa mara nne, faili inakuwa nzito, na kuituma kwa intaneti yetu ni mateso. Musilipie namba ambayo hamutaitumia.

La tatu: kompyuta yako inaikubali? Nenda dukani na kompyuta yako mwenyewe, Butembo ao Kampala, ao umutume mtu anayejua. Beba karatasi moja iliyokunjamana. Jaribu hapohapo, na kebo ile utakayopewa. Bila kujaribu, usitoe pesa.

La ine: itavumilia safari? Skana fulani zina kifungo cha kuzuia taa ya ndani isitembee. Ukiwa nacho, kifunge kabla ya kupanda pikipiki. Funika kioo na kitambaa. Vumbi likiingia, kila nakala itakuwa na mstari.

Hizi nyembamba ziko na udhaifu wao, tusiwafiche. Zinaona vizuri kile kinachogusa kioo tu. Karatasi iliyokunjamana ao katikati ya kitabu kinene inatoka na ukungu. Kwa hiyo tunanyoosha karatasi chini ya kitabu kizito usiku mmoja, na iliyolowa tunaikausha kwanza kivulini. Kubwa kuliko kioo tunaipiga nusu kwa nusu.

Sasa utaratibu. Mashini itazunguka nyumba kwa nyumba, wiki kwa wiki. Mwenye karatasi atakaa pembeni mpaka kazi iishe, na karatasi yake itarudi mkononi mwake saa ileile. Nakala itawekwa kwenye flashi yake, na nyingine kwa ndugu anayemchagua yeye, anayekaa mbali. Kwenye kompyuta ya chama tutafuta. Ndani ya karatasi hizo kuna majina, mashamba, na sura za watoto. Zikianguka mkononi mwa mtu mbaya, tumemuumiza tuliyetaka kumsaidia.

Na tusidanganyane: nakala ya skana haichukui nafasi ya karatasi ya asili. Ofisi bado itaomba ya asili. Lakini ukiipoteza, nakala itakuonyesha namba, tarehe na jina la ofisi iliyoitoa, na hapo unaanza kuomba upya ukiwa na kitu mkononi.

Wasaidizi wetu, ile kubwa iliyoharibika haikutupwa. Iko hapa pembeni, kila mtu aione na kukumbuka. Risiti ya ndogo iko mezani pia. Anayetaka kuisoma, asogee.

Mama aliye kwenye kiti cha mbele amekuja na karatasi ya shamba ndani ya plastiki ya sukari. Tutaanza na yake.