Cheti Ukutani, Kahawa Uani



Ukichota kijiko cha kahawa ya unga ya Africafé asubuhi ukasahau kufunga kopo, na mvua yetu ya Bukoba haina simile, jioni utakuta unga umeanza kushikana. Siku ya tatu utauchokonoa kwa ncha ya kisu. Unga ule una kiu. Ulikuwa kahawa iliyokaangwa, ikasagwa, ikakamuliwa kwa maji ya moto, kisha mchuzi wake mzito ukarushwa kama ukungu ndani ya mnara wa hewa ya moto, matone yakakauka kabla ya kufika chini. Ukiuachia mwanya mdogo tu, unarudia maji.

Kazi hiyo inafanyika hapahapa mjini kwetu, TANICA, kiwanda kilichoanzishwa 1963, na mbia wake mkubwa ni KCU, yaani wakulima wenyewe kupitia ushirika wao. Na dunia ilikifahamu mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1979, sisi huku tukiwa bado tunaugulia vita vya Kagera, watu watatu mjini Edinburgh, Uskoti, waliokuwa wamerudi kutoka kazi za kujitolea Afrika, walianza kuuza kahawa ya unga ya Bukoba. Wakajiita Campaign Coffee Scotland. Waliuza kwa imani: mnunuzi aliambiwa kahawa hii inatoka kwa wakulima wa Tanzania, akaamini, akalipa.

Siku hizi imani peke yake haivuki bandari. Mnunuzi anataka karatasi, na karatasi inayotajwa kuliko zote viwandani ni ISO 9001, ya familia ya viwango vilivyotoka mara ya kwanza 1987. Kiwanda kikiipata, mkurugenzi anapiga picha, cheti kinatundikwa mapokezi. Sina ugomvi na picha. Ila cheti kile hakisemi kahawa yako ni tamu. Kinasema kwamba namna ya kufanya kazi mmeiandika, mlichoandika ndicho mnachokifanya, na kitu kilipoharibika mnaweza kuonyesha nani alikiona, saa ngapi, na mkachukua hatua gani. Shirika lenyewe la ISO, lililoko Geneva, halimpi mtu cheti. Wanaokuja ni wakaguzi wa kujitegemea, na wanarudi tena na tena. Kwa hiyo si kama cheti cha ubatizo, ukishabatizwa umebatizwa. Ni kama leseni ya udereva.

Sasa wakaguzi hao huanzia getini. Swali langu leo ni la nje ya geti.

Ndugu zetu wa mwambao, kuanzia Muleba hadi mialo ya Bukoba, hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria, wa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu kuna wavuvi waliokuwa wanatumia sumu kuvulia. Viwanda vya minofu vilikuwa na vigae vyeupe, barafu, na wafanyakazi wa buti nyeupe. Kosa halikutokea kwenye vigae. Lilitokea usiku, majini, ndani ya mtumbwi ambao hakuna mkaguzi aliyeupanda. Na aliyetega nyavu zake kihalali alibaki na sangara wake mkononi sawasawa na aliyemwaga sumu.

Kahawa nayo ina mtumbwi wake. Ni uani. Mama yangu anachuma kwenye kibanja, katikati ya migomba, nyekundu tu, akiziacha za kijani ziive. Anazianika, anageuza, anafukuza kuku, wingu likitanda anakimbia kuzikusanya. Ili kujua kama zimekauka anachukua chache kiganjani na kuzitikisa karibu na sikio: buni ikicheza ndani ya ganda, tayari. Hicho ni kipimo, jamani. Hakijaandikwa popote, lakini ni kipimo, na hajawahi kukikiuka.

Tatizo ni pale kwenye mzani. Nilimsindikiza msimu mmoja. Gunia lake likapimwa, likamwagwa kwenye rundo moja na la mtu aliyekuwa ameanika kwenye udongo mtupu, lenye vumbi na kijani zake. Bei ileile, shilingi kwa shilingi. Nilimwona mama akiliangalia rundo lile. Hakusema neno.

Hapo ndipo mimi nisipokubaliana na wanaosema mkulima hajali ubora. Mkulima anajua hesabu. Asiyelipwa kwa kuchagua nyekundu atachuma zote kwa mkupuo mmoja, na mwenye ada ya shule shingoni atauza butura, kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kuokoteza. Ukishauza maua, unahangaikia nini kichanja cha kuanikia? Mfumo wa ubora unaoanzia getini mwa kiwanda umekosa kurasa za mwanzo, na kurasa hizo ni madaraja mawili ya bei pale kwenye chama cha msingi, yaliyobandikwa ukutani kila mtu ayaone kabla gunia halijafunguliwa.

Juzi mama aliniuliza kichanja cha waya kinagharimu kiasi gani siku hizi. Nikamtajia. Akacheka, akarudi uani kugeuza kahawa zake kwa mguu, pale chini kwenye mkeka.